Kizimba cha Susu Kalondu

Sisi tuliokulia Mbumbuni kabla ya nyaya za stima kuvuka barabara tulijua saa bila kuvaa saa. Jua likifika juu ya paa la shule, ilikuwa saa ya kwenda mtoni kuchimba maji mchangani. Likianza kuingia nyuma ya vilima, ilikuwa saa ya kuku. Wakati huo kila mama wa kijiji alitoka jikoni na kuwaita kuku wake, na hapakuwa na wawili walioita kwa namna moja. Mama yangu, ambaye tulimwita mwaitu kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao, alitikisa punje za mahindi ndani ya mkebe na kuuliza kwa sauti ya kuvuta, "Mwi va? Mwi va?" Mko wapi, mko wapi. Kuku wetu walikuja mbio, na sisi pia tulikuja, maana tulijua baada ya kuku ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, na atakayechelewa atakuta ukoko.

Ng'ambo ya mto aliishi susu Kalondu. Susu ni nyanya, ingawa hakuwa nyanya yetu wa damu. Yeye aligonga sahani ya bati mara mbili kwa mwiko, ngo, ngo, kisha akaita, "Ukai musyi", njooni nyumbani. Alilivuta lile neno la mwisho hadi likapanda juu na kukatika ghafla. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, kwa hiyo sauti yake ilifika kwetu safi. Tukiwa katikati ya mchezo wa kati, mpira wetu wa matambara ukiwa hewani, ile "musyi" ilikuwa kengele yetu ya mwisho. Watoto wa siku hizi lazima simu iwalilie mara tatu ndipo wainuke kitini, halafu bado wanauliza ni saa ngapi.

Mimi nilikuwa na kipaji kibaya cha kuiga watu. Nilimwiga mwalimu wa hesabu anavyovuta kamasi, nikamwiga mchungaji wetu anavyofunga macho kabla ya kutoa matangazo ya sadaka. Darasa zima lilicheka, nami nilichapwa kwa hayo yote na sikuacha. Sauti ya susu Kalondu niliimudu kuliko zote. Wakati mwingine mwaitu aligeuka akidhani mgeni ameingia, akanikuta nimekaa peke yangu nachambua kunde.

"Mbithe, sauti ya mtu si nguo ya kuazima," alikuwa akiniambia. "Siku moja utashindwa kuirudisha."

Susu Kalondu alifariki mwezi wa kiangazi, mvua za Novemba zikiwa bado hazijafika. Alimwacha mumewe, mzee Muindi, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu hata akamjua mtu kwa mwendo tu. Mke wa mpwa wake ndiye aliyempikia. Juma moja baada ya mazishi mzee alimtumia mwaitu ujumbe aende akachukue kuku watano wa marehemu awafuge, mayai wagawane. Nilienda naye siku hiyo, Jumamosi. Mzee alikuwa amekaa nje ya jiko akiwa na fimbo yake.

"Wachukue tu," alisema. "Mimi siwaoni. Na jioni wanazunguka hili jiko wakimtafuta. Wananisumbua roho."

Kuku wa susu walilala katika kizimba alichokitengeneza mwenyewe. Kilikuwa kimesukwa kwa fito, kikakandikwa samadi na majivu, kikasimama juu ya miguu minne ya mti ili nguchiro wasifike. Kilikuwa na ngazi ndogo ya vipande vitatu, na mlango uliofungwa kwa kamba ya katani yenye fundo lake mwenyewe. Mwaitu alikitazama kwa muda mrefu. Njiani, kuku wakiwa kwenye kiondo, aliniambia kwamba kwa desturi ya kwao kuku wa marehemu huhama pamoja na nyumba yao. Lakini aliona haya kumwambia mzee. Kukibeba kile kizimba, alisema, kungekuwa kama kumbomolea boma siku chache tu baada ya kumzika mkewe. Kwa hiyo akakiacha. Kosa lilikuwa hilo, na lilitokana na adabu.

Sasa ikawa ni kuamua wale wageni walale wapi. Hapo ndipo ningependa vijana wanaonunua kuku leo na kuwatupa ndani ya banda pamoja na wengine, kesho wakishangaa wamedonoana macho, wangemwona mwaitu. Kuku mgeni hakulala na wenyeji siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya kumi. Huenda amekuja na ugonjwa, na hata kama ni mzima, wenyeji watampiga. Kwanza alipitishwa jikoni akaonyeshwa mafiga matatu, kila figa kwa zamu, ili ajue moto wa nyumba hii. Kisha alifungwa kamba mguuni chini ya kivuli, mahali ambapo wenyeji wanamwona bila kumfikia. Mwisho kamba ilifunguliwa, akaachwa achague mwenyewe kuingia. Kuku aliyesukumwa ndani, mwaitu alisema, hajaikubali nyumba, amefungwa tu.

Nyumba tuliyowapa ilikuwa ghala kuukuu la mahindi kando ya ua wa minyaa, upande wa mtoni. Lilikuwa kavu, lina mlango mzuri, na liko mbali na kuku wetu. Mwaitu alinikabidhi mimi.

"Hawa si wetu," aliniambia. "Ni wa mzee. Hana kitu kingine cha susu kinachopumua. Wakipotea, nitamtazama vipi?"

Jumapili jioni tuliwafungua. Hakuna aliyeingia. Walisimama wote watano mbele ya ua wameligeuzia ghala mgongo, wamenyoosha shingo kuelekea ng'ambo. Hawakudonoa na hawakulia. Mtetea mmoja mzee wa madoadoa, aliyekuwa na kidole kilichokatika, alikuwa mbele yao. Walikaa hivyo kama watu wanaosubiri mtu atoke kanisani. Nilijaribu mkebe wa mahindi, hawakugeuka. Giza lilipoingia waliruka juu ya minyaa, na asubuhi tukakuta manyoya na kuku wanne.

Mwaitu hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa. Alikusanya yale manyoya kwenye leso akayazika, kisha akaenda shambani. Jumatatu hiyo shuleni sikusikia chochote. Niliwaza tu kwamba wakibaki nje tena tutampelekea mzee Muindi habari ya watatu, halafu wawili, halafu hatutakuwa na habari ya kumpelekea.

Jioni ilipofika mwaitu alikuwa bado shambani. Nilichukua sahani ya bati na mwiko, nikasimama mlangoni mwa ghala. Niligonga mara mbili. Nikafungua kinywa na kumtoa susu Kalondu kama nilivyomjua, na ile "musyi" nikaivuta juu na kuikata.

Wale kuku walinigeukia wote kwa pamoja. Nimeona kuku maisha yangu yote na sijaona tena kuku wakitazama hivyo. Walinitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha yule wa madoadoa akaanza kutembea taratibu, wengine nyuma yake kwa mstari, wakapita karibu na miguu yangu na kuingia ndani. Nilifunga mlango. Nilipaswa kufurahi, lakini nilitamani sana kuosha kinywa.

Mwaitu alipouliza nilisema wameingia wenyewe. Jumanne niliita tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu upepo ulikuwa mwingi. Jumatano nilipomaliza kuita, nikiwa na mkono kwenye mlango wa ghala, ng'ambo ya mto mtu alijibu.

"Nakuja."

Nililala na viatu vya shule miguuni usiku ule ili niwe tayari kukimbia. Ungekuwa wewe ungemwambia mama yako. Mimi ningemwambia nini? Kwamba nimemwita marehemu na ameitika? Alhamisi niliapa sitaita. Lakini wale kuku wanne walijipanga tena kando ya ua, na nilimwona nguchiro akipita chini ya minyaa mchana kweupe bila haraka. Nikaita, safari hii kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayesoma jina tu. Sauti ikajibu. Ilikuwa karibu zaidi, chini huko mtoni.

"Nakuja. Ngoja."

Ijumaa mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya vilima tangu saa nane, ingawa kwetu hapakudondoka hata tone. Mtoto yeyote wa kwetu alijua maana yake: mvua ikinyesha huko juu, mto huu wa mchanga hushuka ghafla, na maji hayo hayamsubiri mtu avuke. Mwaitu alirudi mapema kuanua mbegu. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala na sahani yangu, nikiita kwa hofu, na sikujua kwamba amesimama nyuma yangu mpaka niliposikia mkebe wake ukianguka.

Alikuwa anatazama mtoni. Chini pale, kwenye ukingo wa ng'ambo, mzee Muindi alikuwa ameweka mguu mmoja mchangani na fimbo mbele yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Na juu ya mto, kwenye kona, tulisikia ule mngurumo ambao mwanzoni mtu hudhani ni lori.

"Mzee, simama hapo," mwaitu alisema kwa sauti kubwa, sauti yake mwenyewe, akishuka mteremko mbio. "Hapo hapo. Usiongeze hatua. Mto unakuja."

Alisimama. Alikuwa amefika hatua tano ndani ya mchanga. Mwaitu aliendelea kumsemesha bila kupumzika, "Rudi nyuma, sauti yangu iache mgongoni kwako", hadi mzee akapanda ukingo kwa magoti. Kisha maji yakapita kati yetu, mekundu, na matawi na ndoo ya mtu. Mzee alibaki amekaa ng'ambo ya maji. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Maji yalipopungua Jumapili mwaitu alinishika mkono tukavuka. Alinisimamisha mbele ya mzee na kuniambia niseme. Nilisema yote nikilia. Nilitegemea fimbo. Mzee Muindi alinyoosha mkono akanigusa koo, hapa chini ya kidevu, kama mtu anayepima kibuyu kama kimekauka.

"Ni mtoto," alisema. "Nilijua Kalondu nilimzika. Sijawa mjinga. Lakini mtu ukiitwa nyumbani na mke wako, utakaa?"

"Tusamehe, mzee," mwaitu alisema. "Hataita tena."

"Alianza lini?"

"Jumatatu," nilisema.

Mzee alizungusha fimbo mkononi.

"Mimi ninaitwa tangu Jumamosi," alisema. "Jumamosi ile mliyowachukua."

Mwaitu alinitazama. Nilitikisa kichwa. Tulipokuwa tunarudi alisema wazee huchanganya siku, na mimi nilikubali haraka sana.

Siku hiyo hiyo mwaitu aliomba kizimba, na mzee akasema alishangaa kwamba tulikiacha. Wanaume wanne walikibeba juu ya nguzo mbili kuvuka mchanga wenye unyevu. Wazee waliokutana nao njiani walivua kofia wakidhani ni maziko, na walipoona ni nyumba ya kuku hawakuzirudisha kichwani mpaka ikapita. Kiliwekwa kando ya lile ghala, mlango ukielekea macheo kama ulivyokuwa kwa mwenyewe. Jioni hapakuwa na aliyeita. Wale kuku wanne walisimama, wakanyoosha shingo kuelekea mtoni, wakakaa hivyo kwa muda wa mtu kugonga sahani mara mbili na kusema maneno mawili. Kisha wakageuka wakapanda ngazi mmoja mmoja. Baada ya majuma matatu mwaitu aliwachanganya na wetu, na hapakuwa na vita. Lakini walifanya vile kila jioni hadi yule wa madoadoa alipokufa kwa uzee. Mimi sijamwiga mtu tena tangu siku ile.

Sasa naishi Kitui mjini, nyumba ya mawe yenye ua mdogo nyuma, na nina kuku sita wa mayai. Mwaitu alitutoka mwaka huu. Ndugu yangu alisema hana nafasi ya kuku watatu wa mwaitu, nikawabeba. Mwanangu Musyoka aliye Nairobi aliposikia hakuuliza wakoje. Aliniagizia kwa simu keji ya waya yenye trei ya plastiki na kibomba cha maji, ikaletwa mpaka getini na kijana wa pikipiki. Muuza dawa za mifugo naye alinieleza kwa ufahari mkubwa kwamba kitaalamu kuku wapya hutengwa majuma matatu, halafu waonane kupitia waya, halafu wachanganywe jioni. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba hayo nilifundishwa na mwanamke aliyeishia darasa la nne. Kuhusu mafiga hakusema kitu, na mimi napikia gesi, kwa hiyo niliwaonyesha kuku mtungi, nikaona aibu.

Keji waliikataa. Jioni ya kwanza walisimama watatu karibu na geti wakiitazama barabara ya kwenda nyumbani. Jioni ya pili vivyo hivyo, na nilishtukia nimesimama mlango wa nyuma nimeshika kitambaa cha vyombo, sufuria ikiungua ndani, bila kukumbuka kilichonitoa. Jioni ya tatu hali kadhalika. Nilijiambia nawaangalia kuku.

Jioni ya nne nilikuwa naanua nguo upande wa mbele. Nyuma ya nyumba punje za mahindi zilitikiswa ndani ya mkebe, na sauti ya mwaitu ikauliza, ikivuta, "Mwi va? Mwi va?"

"Niko hapa, mwaitu," nilisema. Nilikuwa nimeshaziangusha nguo zote chini na nimeanza kukimbia. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu.

Alikuwa ni Ndinda, binti yangu wa mwisho, ambaye likizo zake zote alizimaliza Mbumbuni kwa nyanya yake. Alikuwa ameshika mkebe wa majani ya chai. Kuku watatu walikuwa wanatembea kwa mstari kuelekea kwake. Aliponiona uso alishusha mkono.

"Mum, si nilikuwa naita tu kuku," alisema. "Zimekataa kulala kwa hiyo keji. Nikasema nijaribu kama susu. Nimekosea?"

Nilikaa kwenye ngazi. Nilimwelewa mzee Muindi siku hiyo, na nilimwonea huruma niliyochelewa kumwonea kwa miaka mingi.

"Hujakosea," nilisema. "Lakini usiite tena. Umeita siku ngapi?"

"Leo tu."

"Na jana?"

"Jana nilikuwa prep shuleni, Mum. Hata juzi. Tangu wakuje, leo ndio mara ya kwanza."

Jumamosi nilikodi pikapu nikaenda Mbumbuni. Kizimba cha susu Kalondu bado kilikuwepo, sasa nyuma ya jiko la mwaitu, fito kuukuu zimebadilishwa, paa ni bati sasa, lakini miguu ni ileile na fundo la mlangoni ni lilelile, maana mwaitu alilijifunza na kulifunga upya kila kamba ilipooza. Vijana wawili walikipakia wakicheka. Barabarani enzi zetu wazee walivua kofia. Safari hii, kila tulipopunguza mwendo, watu waliinua simu wakakipiga picha, na mmoja akauliza kama ni cha sinema.

Kuku wa mwaitu sasa wanaingia wenyewe, bila kuitwa na mtu. Husimama kidogo, hunyoosha shingo, kisha hupanda ngazi. Keji ya Musyoka nimeanikia vitunguu, naye nimemwambia inafanya kazi vizuri. Enzi zile jioni ilikuwa na sauti kila upande, na mtoto alichagua ya kwao kati ya nyingi akaenda. Siku hizi majirani zangu wana geti na televisheni, na saa ya kuku inapita kimya mtaa mzima. Nikishafunga lile fundo sirudi ndani mara moja. Ndinda anajua asinisemeshe. Ninasimama pale kuku waliposimama, natazama wanakotazama, na ninangoja mpaka niulizwe niko wapi.